Boti ya mbio ya mitumba: inang'aa nje, lakini ndani kuna nini?

Katika maeneo ya kuegesha boti jimboni Florida, nchini Marekani, kuna kazi ya pesa nyingi inayofanywa kwa nyundo ndogo ya plastiki. Mkaguzi anagonga ubavu wa boti polepole, sentimita chache kwa chache, huku ametega sikio. Sauti ikiwa kavu na kali, anaendelea. Ikiwa nzito na ya chini, anasimama, anagonga tena, kisha anaweka alama ya chaki. Kila alama inaweza kumaanisha maelfu ya dola ambayo hayakuandikwa kwenye tangazo la muuzaji.

Boti inayogongwa hivyo ni katamarani ya mwendo kasi. Umbo lake si geni kabisa kwa watu wa Ziwa Kivu, ambao wamezoea kuona wavuvi wa sambaza wakifunga mitumbwi mitatu kwa miti ili itulie usiku kucha. Katamarani nayo ni kama mitumbwi miwili myembamba iliyounganishwa juu kwa sitaha moja. Tofauti ni kwamba hii haikutengenezwa kutulia. Inapokimbia, hewa inaingia mbele katika uwazi ulio katikati, inabanwa, na kuiinua boti juu. Sehemu ndogo tu ya chini inabaki ikigusa maji, kwa hiyo maji hayaizuii sana. Nyingi kati ya hizi hupita kilometa 160 kwa saa, yaani zaidi ya mita 44 kila sekunde.

Katamarani kubwa mpya ya aina hii, yenye injini mbili za hali ya juu, inaweza kupita dola milioni moja. Iliyotumika miaka kumi au kumi na tano huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, na hapo ndipo wengi wanapoingia: mtu mwenye biashara yake, aliyewahi kuwa na boti ya kawaida, anaona rangi inayong'aa na bei anayoiweza. Waswahili husema rahisi huvunja upishi. Hapa kinachoweza kuvunjika ni zaidi ya upishi.

Hewa ile ile inayoipa boti mwendo ndiyo inayoweza kuigeuza. Pua ikinyanyuka kupita kiasi kwa sababu ya wimbi au upepo wa mbele, hewa inaingia chini kwa wingi na boti inaruka na kupinduka kinyumenyume. Mwezi Novemba 2011, katika mashindano ya Key West, Florida, washindani watatu walipoteza maisha katika ajali mbili. Mwaka 2014, Mike Fiore, mwanzilishi wa kampuni ya Outerlimits inayotengeneza boti za mbio, alifariki baada ya ajali ya mwendo mkali huko Lake of the Ozarks, Missouri. Hao walikuwa watu wa kazi hiyo, si wageni. Mnunuzi wa mara ya kwanza anaketi kwenye usukani wa chombo kama hicho akiwa na mazoea ya boti nyingine, na mazoea hayo yanaweza kumponza: katamarani haiinami kwenye kona kama boti yenye tumbo la pembe, na dereva asiyepunguza mwendo kwanza hagundui kosa lake hadi limekuwa kubwa.

Sheria ya Marekani haimsaidii sana. Tangu tarehe 1 Aprili 2021, dereva wa boti ndogo ya injini analazimika kujifunga kamba ya kuzima injini, ili akitupwa majini boti isimame. Lakini sharti hilo linahusu boti zenye urefu chini ya futi 26, karibu mita nane. Katamarani nyingi za mbio ni ndefu kuliko hapo. Anayeendesha kilometa 160 kwa saa anaachiwa ajiamulie mwenyewe, jambo ambalo ni gumu kulielewa.

Maji yasiyoonekana

Turudi kwenye nyundo. Mwili wa boti hizi si ubao mmoja mzito. Ni tabaka mbili nyembamba za faibaglasi, wakati mwingine Kevlar au kaboni, na katikati kuna kiini chepesi cha sponji ngumu au mti wa balsa. Muundo huo unaipa boti wepesi na ugumu kwa pamoja. Ubaya wake ni mashimo ya skrubu. Mmiliki wa zamani akifunga taa, spika au kishikio bila kuziba shimo sawasawa, maji yanapenya kidogo kidogo. Balsa inalowa, inaoza, na tabaka zinaachana. Kwa nje rangi inabaki nzuri. Ndiyo maana mkaguzi anabeba pia kipimo cha unyevu, na anakaa muda mrefu zaidi kwenye ukuta wa nyuma unaobeba uzito na msukumo wa injini.

Kuna namba ya kusoma pia. Kila boti iliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu Novemba 1972 ina namba yake ya utambulisho, ambayo kwa kawaida huwekwa nyuma, upande wa kulia. Tangu miaka ya 1980 namba hiyo inarudiwa mahali pa siri ndani. Zikitofautiana, mnunuzi mwenye akili anaondoka. Karatasi za madeni nazo si za kupuuza, kwa sababu katika sheria ya bahari deni linaweza kuifuata boti yenyewe hata baada ya kubadilisha mmiliki. Fundi ambaye hakulipwa mwaka jana anaweza kumgeukia aliyeinunua mwaka huu.

Injini ina ukaguzi wake, na mtu wake. Anayejua kugonga faibaglasi si lazima ajue vali na pistoni, kwa hiyo wanunuzi makini hulipa wataalamu wawili. Saa za kazi zilizoonyeshwa kwenye dashibodi ni mwanzo tu. Kompyuta za injini nyingi za kisasa zinahifadhi pia jinsi saa hizo zilivyotumika: ngapi kwa mwendo wa pole, ngapi kwa mzunguko wa juu kabisa. Injini mbili zenye saa 200 kila moja zinaweza kuwa na maisha tofauti kama mtu aliyetembea na mtu aliyekimbia. Kisha fundi anapima mgandamizo wa kila silinda. Moja ikipungukiwa na wenzake kwa zaidi ya asilimia kumi hivi, mazungumzo ya bei yanaanza upya. Mafuta ya sanduku la gia lililo nyuma yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia. Yakitoka na vumbi linalometameta, chuma kinakula chuma.

Chumvi ni adui mwingine. Boti iliyokimbia baharini bila kusafishwa injini kwa maji baridi baada ya kila safari huwa imeoza kwenye njia zake za kupoza, pahali ambapo macho hayafiki. Ndiyo maana katika matangazo muuzaji hujisifu kwamba boti yake haijawahi kuonja bahari.

Baada ya kununua, gharama ndogo ndogo hazikomi. Gurudumu la mpira linalosukuma maji ya kupoza injini hubadilishwa mara kwa mara, wengi wakifanya hivyo kila mwaka. Vipande vya zinki vinavyojitoa kuliwa na kutu badala ya chuma cha injini hubadilishwa vikifika nusu. Trela yenyewe inataka matairi na bearingi, na boti yenye upana unaozidi futi 8 na nusu inahitaji kibali kupita barabarani. Kuhusu petroli, mafundi wana hesabu yao ya haraka: injini ikiwa wazi kabisa, kila nguvu 10 za farasi hunywa karibu galoni moja kwa saa. Injini mbili za nguvu 525 kila moja zinakaribia lita 400. Hayo ni mapipa mawili yale ya kawaida, kwa saa moja.

Somo moja la mafundi hao linafika hadi Goma na Bukavu, ambako boti ziendazo kasi na injini za nje za okazioni ni maisha ya kila siku, si starehe. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia tatu ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Injini iliyoandikwa nguvu 100 inabaki na kama 85. Ikifungiwa propela ile ile iliyotoka nayo pwani, inalemewa, haifiki mzunguko wake, na inachakaa kabla ya wakati huku mmiliki akilaumu chapa. Propela yenye mkunjo mdogo zaidi mara nyingi ndiyo dawa, tena ya bei ndogo kuliko injini nyingine.

Huko Florida, hatua ya mwisho ni kuijaribu boti majini, mmiliki wa zamani akiwa kwenye usukani na fundi akisikiliza. Wakirudi, mafuta yanachukuliwa yangali moto, yanatiwa katika chupa ndogo na kupelekwa maabara kutafuta chembe za chuma. Majibu huchukua siku kadhaa. Mnunuzi aliyeandikisha katika mkataba kwamba amana yake itarudishwa ukaguzi ukishindwa anaweza kusubiri. Asiyeandikisha ndiye anayetetemeka simu inapolia, na muuzaji kumwambia kuna mtu mwingine njiani, amebeba pesa taslimu.