FIDLA NA PIANO: MAZUNGUMZO YA WATU WAWILI

Mkaaji wa Karatina aendaye Nairobi kwa shughuli zake huenda siku moja akaona tangazo limebandikwa ukutani, kwamba jioni ile watu wawili watapiga muziki, mmoja fidla na mwingine piano. Pengine atalipa kiingilio, ataingia na kuketi. Ataona kwamba hakuna mwimbaji, hakuna mcheza ngoma, wala hakuna neno linalosemwa. Wasikilizaji wametulia kama watu walio kanisani. Muziki utakaponyamaza kidogo atapiga makofi, na jirani zake watamgeukia kwa mshangao, kwa maana kumbe haujaisha. Basi atarudi kwake akisema kwamba muziki ule ni wa watu wasiojua furaha.

Mtu huyo hana kosa, kwani hakuna aliyemweleza mambo yanayofanyika pale. Lakini kama angeambiwa jambo moja tu kabla ya kuingia, angalisikiliza kwa masikio mengine. Jambo lenyewe ni hili: watu wale wawili wanazungumza, na kazi ya msikilizaji ni kuyafuata mazungumzo yao. Na kwa kazi hiyo watu wa Karatina si wageni hata kidogo, kama itakavyoonekana hapa chini.

VYOMBO VIWILI VISIVYOFANANA

Fidla ni ndugu wa zeze. Watu wa Unguja wanaijua sana kwa sababu ya taarabu, na Wakikuyu wana zeze lao la uzi mmoja liitwalo wandindi, ambalo husuguliwa kwa upinde mdogo. Fidla nayo husuguliwa kwa upinde, ila ina nyuzi nne, na upinde wake umefungwa singa za mkia wa farasi zilizopakwa utomvu mkavu wa msonobari ili zishike uzi vizuri. Wale waliofundishwa kuimba kwa do-re-mi watafahamu upesi kwamba kutoka uzi mmoja hata wa pili ni mwendo wa sauti tano, yaani kutoka do mpaka so. Shingo ya fidla haina alama yoyote ya kumwonyesha mpigaji mahali pa kuweka kidole. Akikosea kwa upana wa punje ya mtama, sauti imeharibika. Sikio lake ndilo linalomwongoza.

Piano ni chombo cha namna nyingine kabisa. Kilibuniwa na Mwitalia, Bartolomeo Cristofori, katika mji wa Florence yapata mwaka 1700. Piano ya siku hizi ina vibao 88 vya kubonyeza, na ndani yake mna nyuzi za chuma zipatazo 230 hivi. Mpigaji akibonyeza kibao, nyundo ndogo iliyovikwa kitambaa kizito cha sufu hupiga nyuzi ndani. Kwa hiyo piano ni chombo cha kupigwa, si cha kusuguliwa. Sauti yake ikiisha kutoka huanza kufifia papo hapo, na hakuna awezaye kuikuza tena. Sauti ya fidla, kwa upinde, yaweza kuanza kama mnong'ono, ikakua, ikadumu, ikashuka tena, kama sauti ya mtu aimbaye. Lakini piano ina utajiri ambao fidla haina: vidole kumi vyaweza kutoa sauti kumi kwa mara moja, nzito na nyembamba pamoja.

Basi kila chombo kina kile ambacho mwenzake amekosa. Hapo ndipo mazungumzo yanapopata ladha.

MASHINDANO YA GICHANDI

Zamani katika masoko ya Ukikuyu watu walikusanyika kusikiliza gichandi. Watu wawili walisimama mbele ya wenzao na kibuyu kimoja chenye mbegu ndani, kilichochorwa alama nyingi kwa nje na kupambwa kwa kauri. Mmoja alitikisa kibuyu na kutoa fumbo kwa wimbo. Mwenzake alitakiwa kulifumbua na kutoa lake. Walijibizana hivyo kwa muda mrefu, na aliyeshindwa alipokonywa kibuyu. Waliosimama kuwazunguka hawakuja kutazama tu. Walifuata kila jibu, wakapima kama limeliangukia fumbo au limelikosa.

Mtu aliyezoea kusikiliza hivyo amekwisha kupata nusu ya elimu inayotakiwa katika jumba la Nairobi. Tofauti ni mbili. Kwanza, fidla na piano hazitumii maneno. Fumbo na jibu ni sauti tupu. Pili, wapigaji wale hawashindani. Kila mmoja anamtafuta mwenzake, na jambo wanalolitengeneza haliwezi kutengenezwa na mmoja peke yake.

SONATA NI NINI?

Muziki wa namna hii huitwa sonata, neno lililotoka katika lugha ya Kiitalia, maana yake ni kitu cha kupigwa kwa vyombo, si cha kuimbwa. Sonata hugawanyika katika sehemu tatu au nne, na kati ya sehemu na sehemu wapigaji hunyamaza kidogo, kama msomaji afunuaye ukurasa. Ndiyo sababu makofi hungoja mpaka mwisho.

Katika karne ya 18 mara nyingi piano ndiyo iliyokuwa bwana na fidla ikafuata nyuma. Katika karne ya 19 mambo yaligeuka, na vyombo viwili vikawa sawa. Muziki wa wakati huo huitwa wa Kiromantiki. Waliotunga, kama Schumann, Brahms na Grieg, hawakuridhika na sauti zilizopangwa vizuri tu. Walitaka hamu ya mtu, hofu yake, majonzi yake na furaha yake visikike.

JIONI ILE YA BRUSSELS

Mfano ulio bora ni sonata aliyoitunga César Franck mwaka 1886. Franck alizaliwa Liège, nchi ambayo sasa ni Ubelgiji, mwaka 1822, akaishi Paris akipiga kinanda cha kanisa la Sainte-Clotilde na kuwafundisha vijana. Alikuwa na umri wa miaka 63 alipoitunga sonata hii, akampa Mbelgiji kijana, Eugène Ysaÿe, mpiga fidla hodari, iwe zawadi ya arusi yake mwezi wa Septemba mwaka ule. Ysaÿe aliipiga siku ile ile ya arusi mbele ya wageni, pamoja na mpiga piano, Bibi Léontine Bordes-Pène.

Tarehe 16 Desemba 1886 watu wale wawili waliipiga hadharani katika nyumba ya makumbusho ya picha mjini Brussels. Vincent d'Indy, mwanafunzi wa Franck, aliandika habari ya siku ile. Muziki ulianza saa tisa mchana, na sonata ya Franck iliwekwa mwisho. Katika nchi zile, mwezi wa Desemba jua huzama mapema sana, na sheria ya nyumba ile ilikataza taa zisiwashwe, kwa kuhofia picha zisije zikaharibika. Sehemu ya kwanza ilipokwisha, wapigaji walikuwa hawawezi tena kusoma karatasi zao. Wasikilizaji wakaombwa waende zao. Hakuna aliyeondoka. Ndipo Ysaÿe alipogonga kwa upinde wake na kusema waendelee, na wote wawili wakapiga sehemu tatu zilizobaki gizani, kwa kukumbuka tu.

Msomaji na afikiri maana ya jambo hili. Sehemu ya pili ya sonata ile ni kama dhoruba, nayo ni ngumu mno kwa mpiga piano. Sehemu ya tatu haina mwendo wa kuhesabika kwa urahisi. Ni kama mtu anayesema peke yake, anasita, anaanza tena. Watu wawili wasioonana vema walipaswa kuanza pamoja na kunyamaza pamoja. Waliwezaje? Kila mmoja alikuwa ameyashika moyoni si maneno yake tu, bali na ya mwenzake.

Na sehemu ya nne ndiyo ambayo mtu wa gichandi angeitambua mara moja. Piano inaanza wimbo mtulivu, na kabla haijafika mbali, fidla inaingia na wimbo ule ule, ikiifuata nyuma kwa hatua moja. Kila lisemwalo na piano, fidla inalirudia, na huku piano imekwisha kusema jingine. Baadaye wanabadilishana, aliyefuata akawa mwenye kutangulia. Hata asiyepata kusoma alama za muziki aweza kuufuata mchezo huu kwa masikio yake.

KILICHOANDIKWA NA KILICHOSAHAULIWA

Ysaÿe na mwenzake waliweza kupiga gizani kwa kuwa walikuwa wameihifadhi kazi kichwani. Lakini sisitizo liwe hapa: watu wengine wanaweza kuipiga sonata ile leo, zaidi ya miaka 130 baadaye, kwa kuwa iliandikwa. Ingalikaa vichwani mwa watu wawili tu, ingalizikwa pamoja nao.

Kuandikwa kuna nguvu hata pale kunapokosa haki. Tarehe 24 Mei 1803, katika mji wa Vienna, Beethoven alipiga piano pamoja na mpiga fidla George Bridgetower, ambaye baba yake alikuwa mtu wa asili ya Kiafrika. Sonata waliyoipiga ilikuwa imetungwa kwa ajili ya Bridgetower, tena ilikamilishwa kwa haraka hata akalazimika kusoma sehemu ya pili katika karatasi ya Beethoven mwenyewe. Baadaye wawili hao wakakosana. Sonata ilipochapwa mwaka 1805 iliandikwa jina la mpiga fidla mwingine, Rodolphe Kreutzer, ambaye hakupata kuipiga hadharani. Mpaka leo inaitwa Sonata ya Kreutzer. Aliyeipiga wa kwanza alisahauliwa na wengi, na asiyeipiga amebaki na jina.

Na gichandi je? Alama za kibuyu zilikuwa za kumkumbusha mwenye nacho mafumbo yake. Bwana W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine, waliokaa Nyeri mwanzoni mwa karne ya 20, walitaja kibuyu hicho katika kitabu chao cha mwaka 1910. Padre Vittorio Merlo Pick wa misioni ya Consolata alikusanya mafumbo na gichandi, na kitabu chake kikachapwa Italia mwaka 1973. Mwaka 1980 Ngũgĩ wa Thiong'o alimfanya mpiga gichandi kuwa msimulizi wa riwaya yake, Caitaani Mũtharaba-inĩ, na mwaka 2004 mtaalamu Kimani Njogu alitoa kitabu juu ya ushairi wa kujibizana ambamo gichandi ina mahali pake. Hizo ni juhudi za kusifiwa. Lakini maneno yaliyo katika karatasi si sawa na watu wawili waliosimama sokoni, na sauti zao nyingi zimekwenda bila ya kurithiwa. Wafanyabiashara wa Karatina wanaijua methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Si mali ya fedha peke yake.

NAMNA YA KUSIKILIZA

Chuo cha muziki kiitwacho Kenya Conservatoire of Music kilianzishwa Nairobi mwaka 1944, na mashindano ya muziki ya Kenya yana historia tangu mwaka 1927. Vijana wa Kiafrika wanaopiga fidla na piano si ajabu tena nchini. Mzazi ambaye mtoto wake anataka kujifunza chombo kimojawapo, au mtu atakayeingia kusikiliza kwa mara ya kwanza, na akumbuke mambo haya machache.

Asitafute hadithi katika muziki. Atafute nani anasema na nani anajibu. Aushike wimbo wa kwanza, kisha angoje aone utarudi wapi, maana katika sonata ya Franck nyimbo za sehemu ya kwanza huonekana tena katika sehemu za mbele, kama mtu anayekutana na rafiki wa zamani njiani. Asidhani kwamba mpiga piano ni mtumishi wa mpiga fidla. Katika sehemu ya kwanza ya sonata ile kuna mahali ambapo fidla inanyamaza na piano inasema peke yake. Na asiogope ukimya. Wasikilizaji wanaponyamaza hawajanuna; wanafanya kazi ile ile waliyoifanya wazee sokoni, ya kupima kama jibu limeliangukia fumbo.

Na arudipo Karatina, kama kuna mzee katika ukoo wake aliyesikia gichandi au aliyepiga wandindi katika ujana wake, na amwendee kabla ya giza kuingia, akae naye, asikilize vizuri, na aandike.