"Leave": kuondoka, likizo au ruhusa?

Mfikirie Mwafrika Mashariki anayeishi London, ambaye kwa miezi kadhaa amekuwa akingoja barua kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza.

Siku moja barua inafika. Anaifungua kwa wasiwasi, na neno la kwanza analoliona ni "leave".

Shuleni alifundishwa kwamba neno hilo maana yake ni kuondoka. Je, ameamriwa kufunga virago?

Huenda sivyo. Akisoma polepole atakuta kwamba maneno kamili ni "leave to remain", yaani ruhusa ya kubaki. Neno alilodhani linamfukuza ndilo linalotaja kibali chake.

Inakuwaje basi neno moja likabeba maana zinazoonekana kupingana?

Maneno mawili, vazi moja

Historia ya Kiingereza inaonyesha kwamba hapa tuna maneno mawili, wala si moja.

La kwanza ni kitenzi. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kilikuwa na maana ya kubakiza kitu au kukiacha nyuma. Maana ya kuondoka ilikuja baadaye, kwani anayeacha kitu nyuma ndiye anayekwenda zake.

La pili ni nomino yenye maana ya ruhusa, na asili yake ni nyingine. Ndugu zake wamo katika Kijerumani, ambako "Erlaubnis" ni ruhusa na "Urlaub" ni likizo.

Kadiri karne zilivyopita, maneno hayo yalikaribiana kwa matamshi na tahajia hata yakafanana kabisa.

Kuondoka na kuacha

Tuanze na kitenzi. Ukisema "she left London", umesema aliondoka London. Ukisema "she left for London", umesema aliondoka kwenda London. Neno "for" peke yake limeigeuza safari nzima.

Visawe vya kitenzi hiki havitumiki popote pale. "Depart" ni neno rasmi, la matangazo ya viwanja vya ndege na vituo vya treni. "Go" ni la mazungumzo ya kila siku. "Abandon" ni kutelekeza, na "bequeath" ni neno la wasia, yaani kumwachia mtu urithi.

Pana haja ya kuwa mwangalifu. Taarifa ya kifo ikisema kwamba marehemu "left three children", ina maana amefariki akiacha watoto watatu. Lakini mtu aliye hai akisemwa kuwa "left his children", hiyo ni lawama: amewatelekeza.

Umbo la wakati uliopita, "left", lina mtego wake pia. Mbali na kuwa na maana ya kushoto, hutumika kutaja kilichobaki. "There is no food left" maana yake ni kwamba hakuna chakula kilichosalia. Hapo maana ile ya kale, ya kubakiza, bado inachungulia.

Likizo

Kazini, kosa dogo linaweza kuzua jambo kubwa. Mfanyakazi anayetaka kupumzika siku ya Ijumaa husema "I am taking leave on Friday". Akisema "I am leaving on Friday", msimamizi wake anaweza kuelewa kwamba anaacha kazi, akaanza kumtafuta wa kushika nafasi yake.

"Annual leave" ni likizo ya mwaka, na "maternity leave" ni likizo ya uzazi. Zote hizo kwa asili ni ruhusa: ruhusa ya kutokuwapo kazini. Maana hii ilikwisha kufika Afrika Mashariki zamani, nalo neno likavaa vazi la Kiswahili likawa livu.

Kisawe chake cha karibu ni "holiday", lakini si kila mahali. "Holiday" huashiria mapumziko au matembezi. Aliyelazwa hospitalini yumo katika "sick leave", na kumwambia kwamba yuko "holiday" ni kama kumkejeli.

Mwaka 2020, wakati wa janga la corona, Waingereza wengi walilizoea neno jingine, "furlough". Lilitumika kwa wafanyakazi waliosimamishwa kazi kwa muda huku serikali ikilipia sehemu kubwa ya mishahara yao. Neno hilo lilitoka katika Kiholanzi, na lina nasaba moja na "leave" ya ruhusa.

Ruhusa

Turudi sasa kwenye ile barua. Lugha yake inatokana na Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1971, inayozungumzia "leave to enter", yaani ruhusa ya kuingia Uingereza, na "leave to remain", ruhusa ya kubaki.

"Limited leave" ni ruhusa yenye muda maalumu. "Indefinite leave" ni ruhusa isiyowekewa tarehe ya mwisho. Hiyo haimaanishi ruhusa isiyo ya hakika, kama wengine wanavyohofia. Lakini pia si ya milele kwa kila hali: kwa kawaida, aliyepewa ruhusa hiyo akiishi nje ya Uingereza kwa zaidi ya miaka miwili mfululizo, hupotea.

Kisawe chepesi ni "permission". Mwaka 1999 mahakama za madai za England na Wales zililiweka neno hilo mahali pa "leave" katika kanuni zao mpya. Tangu mwaka 2020, kanuni za uhamiaji nazo zimekuwa zikitumia "permission to stay". Hata hivyo, "leave" ingali imo katika sheria yenyewe.

Cha kutazama kwanza, basi, ni kitenzi kinachoandamana na neno hilo. "Granted leave" ni kupewa ruhusa. "Refused leave" ni kunyimwa. Na barua ikisema "you must leave", hapo ndipo kuondoka kunapokusudiwa. Mwenye shaka na ampelekee barua hiyo wakili au mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, kwani nchini Uingereza ni kosa la jinai kwa asiyeidhinishwa kutoa ushauri wa aina hiyo.

Wenye lugha wenyewe waliyatumia maneno haya kama maadui katika kura ya maoni ya Juni 2016 kuhusu Umoja wa Ulaya. "Leave" walikuwa upande mmoja, "Remain" upande wa pili. Katika barua za uhamiaji, maneno hayo hayo yamekaa pamoja kwa amani.

Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kustaajabu sana. Tuna kitenzi chetu, kuacha. "Ameacha kazi" ni kuondoka. "Mwache hapa" ni kumbakiza. "Mwache aende" ni kumruhusu. Hakuna anayechanganyikiwa, maana tangu utotoni tumezoea kusikiliza sentensi hadi mwisho wake.