Mwongozo wa Toleo Lipi Ufunguke Kwanza?

Mwanafunzi wa kompyuta pale Chuo Kikuu cha Dodoma akifungua leo nyaraka za lugha ya Python, hukutana moja kwa moja na toleo la 3. Zamani haikuwa hivyo. Python 3 ilitoka Desemba 2008, lakini kwa miaka kadhaa tovuti ya nyaraka iliendelea kumfungulia mgeni toleo la 2, kwa kuwa ndilo lililotumiwa na wengi.

Kuchanganya miongozo hiyo kuna hatari ya kimyakimya. Katika Python 2, ukigawanya 7 kwa 2 unapata 3. Katika Python 3 unapata 3.5. Anayekokotoa wastani wa mvua kwa toleo la 2 huku akisoma mwongozo wa toleo la 3 atapata jibu la uongo, na kompyuta haitanung'unika hata kidogo.

Oktoba 2012 Nick Coghlan aliandika pendekezo, nambari 430 katika orodha ya mapendekezo ya Python, lililoigawa kazi mara mbili. Ukurasa wa mbele ufungue toleo la 3. Viungo vya zamani vya kurasa za ndani, vile visivyotaja toleo lolote, viendelee kwenda toleo la 2, kwani waliovinukuu vitabuni walikuwa wakizungumzia hilo. Nauona uamuzi huo kuwa wa busara sana: mgeni huingia kwa ukurasa wa mbele, mzoefu hurukia ukurasa anaoujua. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kungoja wengi wahame. Toleo la 2 lenyewe liliachwa kutunzwa Januari 1, 2020.

Lakini yule mwanafunzi wa Dodoma anajichagulia toleo. Mtunza takwimu za afya wa Kongwa au Mpwapwa hana uhuru huo. Zahanati hujaza vitabu vya MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya), kisha taarifa za mwezi huingizwa katika DHIS2, programu inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo hapa nchini imeendelezwa pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenye programu hutoa matoleo mapya. Wizara ya Afya ndiyo huamua lini mfumo wa taifa usasishwe, na haiwezi kukurupuka katikati ya msimu wa taarifa.

Katika matoleo ya nyuma, kwa mfano, majedwali yalikuwa na programu yake ndani ya DHIS2. Baadaye kazi hiyo ikahamishiwa kwenye programu ya kuchora chati. Mtu wa wilayani aliyebaki na mfumo wa zamani akisoma mwongozo mpya atatafuta kitufe ambacho kwenye skrini yake hakipo, na huenda akadhani amenyimwa ruhusa.

Kwake yeye, upya wa mwongozo si sifa. Kitufe cha msaada ndani ya mfumo kimpeleke kwenye mwongozo wa toleo lililowashwa kwenye seva yake, na kibadilike usiku uleule seva inaposasishwa.