Saa 3 asubuhi Berlin, Lushoto saa ngapi?

Leo naongelea kitu kilichomkosesha kazi jamaa yangu mmoja, kijana anayetembeza wageni kwenye milima yetu ya Usambara. Aliahidiwa kupigiwa simu ya usaili kutoka Ujerumani siku ya Jumatatu, saa 9:00 kwa saa za Berlin. Sio saa tisa jamani, ni saa tatu asubuhi kwao, na hilo alilijua. Mwezi wa saba aliambiwa Lushoto iko mbele kwa saa moja, basi akakaa na simu mkononi kuanzia saa nne. Kimya. Alipochoka akapanda zake msitu wa Magamba na wageni, na huko mtandao ni wa kubahatisha. Saa tano kamili wakapiga, hapatikani. Ikawa imetoka hiyo.

Kilichotokea ni kwamba jana yake ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, siku ambayo Wajerumani wanarudisha saa zao nyuma. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi hiyo ya Oktoba tunawazidi saa 1. Miezi mingine yote tunawazidi saa 2. Sisi saa zetu hatuzigusi, wanaohamahama ni wao.

Kwa nini wahangaike hivyo? Berlin mwezi Juni jua linatoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama saa tatu na nusu usiku. Desemba linachelewa hadi saa mbili na robo asubuhi, na ikifika saa kumi jioni limeshazama. Walianza mchezo huu mwaka 1916, wakati wa vita, ili kubana matumizi ya mafuta na makaa. (Lushoto wakati huo waliiita Wilhelmstal, na mwaka huohuo Waingereza wakawafurusha huku.) Bunge la Ulaya lilipiga kura mwaka 2019 kwamba mwisho uwe 2021. 2021 ikapita, saa zikaendelea kuchezewa.

Kwetu huku, karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, siku ndefu na siku fupi zinapishana kama nusu saa tu. Ndiyo maana saa yetu ya Kiswahili haituangushi mwaka mzima: jua likitoka, tunaanza kuhesabu.

Halafu kuna kituko. Dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa moja. Lushoto iko kama nyuzi 38 mashariki, Berlin kama 13. Tofauti ni 25, yaani saa 1 na dakika 40. Kwa jua lenyewe basi, si saa moja wala si mbili. Hizo nyingine ni mapatano ya serikali.

Sasa nyie mnaoomba ufadhili wa masomo, hapa ndipo pa kuwa macho. Mwisho wa kutuma ukiandikwa 23:59 saa za New York, mwezi Julai kwetu ni saa moja kasoro dakika moja asubuhi, kesho yake. Januari ni saa mbili kasoro dakika moja. Usiku kafe imefungwa, lakini ukidamka bado unawahi. Ukiandikwa 17:00 Tokyo, hapo mambo ni kinyume, wao wanatutangulia saa 6. Mwisho wako ni saa tano asubuhi siku hiyohiyo, sio jioni! Cha kuchekesha, saa 5 jioni ya Tokyo kwetu inaitwa saa 5 pia. Namba haibadiliki.

Na kabla hujaiamini saa ya kompyuta ya kafe, bonyeza pale kwenye saa, kona ya chini kulia, uone imewekwa mji gani. Kwenye Windows usiitafute Dar es Salaam, tafuta Nairobi, +03:00.