Fahamu: Kanisa la Mkunazini na nguzo zake zilizosimama kichwa chini

Anayetaka kuona kanisa lenye historia nzito hana haja ya kupanda ndege kwenda Roma. Kutoka Tumati, Mbulu, ni safari ya basi hadi Dar es Salaam, kisha boti hadi Unguja.

Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Mji Mkongwe, lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka uleule Sultani Barghash wa Zanzibar alipofunga soko la watumwa lililokuwa hapo. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Askofu Edward Steere, bingwa wa Kiswahili. Paa lake la kuba alilitengeneza kwa saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Wengi walitabiri lingeporomoka. Lipo hadi leo!

Karibu na mlango kuna nguzo zilizosimikwa kichwa chini, inasemekana mafundi walikosea Steere alipokuwa safarini. Msalaba mdogo uliomo ndani ulichongwa kutokana na mti wa Chitambo, Zambia, ambako moyo wa mmisionari David Livingstone ulizikwa.

Uani kuna sanamu za watumwa zilizochongwa na Clara Sörnäs wa Sweden, minyororo shingoni. Mgeni asiondoke bila kuziona.