Kodi Inapofuatwa Hadi Kwenye Mshahara

Mfanyakazi anayekuta mshahara umepungua, au mchuuzi wa Kibirizi, Kigoma, anayeambiwa dirishani benki kwamba akaunti yake imefungwa, hudhani balaa limemwangukia siku hiyohiyo. Kwa kawaida lilianza miezi mingi nyuma, barua ya tathmini ya kodi ilipofika ikawekwa kando bila kujibiwa. Tuanze na sheria inasemaje, kisha tuone la kufanya.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) uwezo wa kumwandikia mtu yeyote unayemdai au anayeshika fedha zako. Anaweza kuwa benki, mwajiri, mpangaji wako, au tajiri wa Dar es Salaam aliyechukua magunia yako ya dagaa na hajamaliza kulipa. Notisi hiyo inamtaka ailipe TRA fedha ambazo angekulipa wewe. Akilipa, sheria inamhesabu kuwa ameshakulipa na huna cha kumdai tena. Akipuuza, deni lako linaweza kuhamia shingoni mwake. Ndiyo maana kumgombeza mhasibu wa ofisi hakusaidii kitu: hana hiari. Kama kweli hana fedha zako, wajibu wake ni kuieleza TRA hivyo kwa maandishi.

Watu wa Mkoa wa Kigoma wana sababu ya kuiogopa kodi. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1897, rupia tatu kwa nyumba, na Waingereza wakaiendeleza kwa sheria ya kodi ya nyumba na kichwa. Asiyekuwa na fedha alilipa kwa jasho, na maelfu ya Waha walitoka Kasulu na Kibondo kwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Mzee wa zama zile hakuwa na pa kusema kwamba hesabu imekosewa. Wewe unapo, na muda wake umetajwa: siku 30.

Ndani ya siku 30 tangu upokee tathmini unaweza kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu, kwa maandishi, ukieleza kiasi unachokataa na kwa nini. Unatakiwa pia kulipa ile sehemu usiyoipinga au theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa, kutegemea ipi ni kubwa. Kama huna, omba kupunguziwa au kuondolewa sharti hilo, tena kwa sababu na vielelezo. Muda ukikupita, sheria inaruhusu kuomba kuongezewa kwa ugonjwa, kuwa nje ya nchi, au sababu nyingine ya msingi. Hilo linawahusu sana watu wa kando ya Ziwa Tanganyika. Aliyekuwa Kalemie, Uvira au Bujumbura kwa biashara akarudi na kukuta siku zimeisha, aambatishe nakala ya pasipoti au hati ya kusafiria yenye mihuri.

Hoja ya pingamizi lazima isimame juu ya karatasi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Chukua mchuuzi aliyehesabiwa kuwa hana kumbukumbu na kukadiriwa mauzo ya shilingi milioni 10 mwaka huo: kwa viwango vya wakati ule kodi yake ni 250,000. Sasa tuseme mauzo yake halisi, baada ya miezi mitatu ya ziwa kufungwa, yalikuwa milioni 6.5 na ana daftari na risiti za kuonyesha. Anatozwa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani shilingi 75,000. Tofauti ni shilingi 175,000, na yote imebebwa na daftari. Kufungwa kwa ziwa kunajulikana na kila mtu, lakini TRA haitakushushia kodi kwa kuwa inajulikana. Ni juu yako kuomba makadirio yarekebishwe, na kuomba mapema.

Kwa mwajiriwa anayedaiwa kodi ya biashara ya pembeni au ya nyumba ya kupangisha, silaha ya kwanza ni hati ya mshahara. Mtumishi wa umma wa mshahara wa msingi wa 800,000 anakatwa 40,000 za mfuko wa pensheni wa PSSSF, 24,000 za bima ya afya, 68,000 za kodi ya mshahara, na kama alisomeshwa kwa mkopo, 120,000 za Bodi ya Mikopo. Anabaki na 548,000 kabla ya mkopo wowote wa benki. Weka hesabu hiyo mezani unapoomba kulipa kwa awamu, pamoja na kanuni ya kubakiza theluthi moja ya mshahara ambayo kila mtumishi anaijua. Taja kiasi unachokiweza kila mwezi, kisha usikose hata mwezi mmoja. Ombi la awamu linaruhusiwa kisheria, na ni rahisi zaidi kukubaliwa kabla notisi haijatoka kuliko baadaye. Kumbuka pia kwamba riba ya kodi iliyochelewa hujumlishwa juu ya riba kila mwezi.

Notisi ikiwa imeshafika kwa mwajiri, nenda ofisi ya TRA Kigoma ukiwa na namba ya mlipakodi (TIN), tathmini, stakabadhi za malipo na hati ya mshahara. Omba taarifa ya deni ikichanganuliwa: kodi ni kiasi gani, riba kiasi gani, adhabu kiasi gani, za mwaka upi. Deni la mwaka ambao biashara ilikuwa imefungwa na TIN haikufungwa hujitokeza mara nyingi. Kila unachokubaliana kiandikwe na kigongwe muhuri.

Pingamizi likikataliwa, ipo Bodi ya Rufaa za Kodi, juu yake Baraza la Rufaa za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani. Malalamiko kuhusu namna ulivyotendewa yana ofisi yake ya usuluhishi wa malalamiko ya kodi. Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alikemea kukusanya kodi kwa mabavu na kuchukua fedha kwenye akaunti za wafanyabiashara. Kauli hiyo ilibadili mwenendo, lakini haikufuta kifungu cha sheria.

Kwa hiyo barua ya TRA ikifika leo, andika juu yake tarehe uliyoipokea, hesabu siku 30, na uijibu hata kama huna shilingi mfukoni. Sheria imekupa nafasi ya kusikilizwa. Asiyejibu ndiye anayeipoteza.