Turner kwa Vipimo: Rekodi za Bingwa wa Mandhari

Uingereza imetoa wachoraji wengi wa mandhari. Katika mkondo wa ulimbwende, uliotukuza dhoruba, milima na machweo, hakuna aliyejaza orodha ya rekodi kama Joseph Mallord William Turner. Alizaliwa London mwaka 1775, mtoto wa kinyozi. Akiwa na miaka 14 alikubaliwa katika shule ya sanaa ya Royal Academy, na mwaka uliofuata picha yake ikatundikwa kwenye maonyesho. Tumpime.

1. Picha kubwa kuliko zote

Ni Vita vya Trafalgar, ya miaka ya 1822 hadi 1824, kazi pekee aliyowahi kuagizwa na mfalme. Kimo chake ni sentimita 261 na upana 368. Goli la mpira lina kimo cha sentimita 244 na upana wa 732. Picha moja inapita mwamba wa juu, na mbili zikisimamishwa ubavu kwa ubavu zinaziba goli zima!

2. Rundo kubwa kuliko yote

Alipofariki mwaka 1851 aliliachia taifa lake picha za rangi ya mafuta zipatazo 300, na michoro ya penseli na rangi za maji ipatayo 30,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam unaingiza watu 60,000. Kila watazamaji wawili wangepata karatasi moja ya Turner. Hata tukihesabu tangu alipokuwa na miaka 12, ni zaidi ya mchoro mmoja kwa siku, bila kupumzika Jumapili wala sikukuu.

3. Mashindano marefu kuliko yote

Mpinzani alikuwa marehemu. Claude Lorrain, gwiji wa mandhari aliyefariki mwaka 1682, alikuwa ameacha kitabu cha michoro ambacho baadaye kilichapwa na kusifiwa kote. Mwaka 1807 Turner akaanza kutoa cha kwake, Liber Studiorum. Alilenga chapa 100. Hadi anasimama mwaka 1819, zilikuwa zimetoka 71.

Hapa ndipo Turner mchonga chapa anapoonekana. Mistari ya msingi kwenye bamba la shaba aliichora mwenyewe, kisha mafundi wakaingia na mbinu ya mezotinti. Bamba hukwaruzwa lote kwa chombo chenye meno mengi madogo. Likipakwa wino wakati huo, karatasi hutoka nyeusi tii. Fundi huanza kukwangua. Akikwangua kidogo hupata kijivu, akilainisha kabisa hupata mwanga wa jua. Mabamba yapatayo kumi Turner aliyamaliza kwa mkono wake tangu mwanzo hadi mwisho. Na kwa kuwa shaba ni laini na huchakaa haraka, aliyarudia mabamba yaliyochoka, akibadilisha hata mwanga na kivuli. Kwangu mimi, hii ndiyo rekodi yake inayostahili sifa kuliko zote.

4. Pigo la haraka kuliko yote

Mwaka 1832, ukumbi wa Royal Academy. Picha ya bahari ya Turner, ya kijivu tupu, imetundikwa jirani na picha ya mchoraji mwenzake John Constable ya kufunguliwa kwa daraja la Waterloo, iliyomchukua Constable zaidi ya miaka kumi. Constable anaongeza wekundu kwenye bendera za mashua. Turner anatazama, anarudi kwenye picha yake, anabandika doa moja jekundu, kubwa kidogo kuliko sarafu ya shilingi ya Kiingereza, kisha anaondoka kimya. Doa moja likaifanya kazi ya jirani ionekane imefifia! Baadaye alirudi, akaligeuza doa kuwa boya.

5. Picha nzito kuliko zote

Ni Meli ya Watumwa, ya mwaka 1840. Nyuma yake kuna kisa cha meli Zong ya mwaka 1781, ambamo Waafrika zaidi ya 130 walitupwa baharini ili wenye meli wadai bima. Pembeni chini, mguu wenye pingu unazama katikati ya samaki. Ipo Boston, Marekani.

6. Bei ya juu kuliko zote

Desemba 2014, picha yake ya Roma kutoka mlima Aventine iliuzwa mnadani London kwa pauni milioni 30.3. Tangu 2020 sura ya Turner imo kwenye noti ya pauni 20; kuilipia picha hiyo kungehitaji noti zake milioni moja na nusu na ushei.

Lakini ile ambayo wasikilizaji wa redio ya BBC waliipigia kura mwaka 2005 kuwa picha bora kuliko zote nchini Uingereza, ya meli ya kivita Temeraire ikivutwa kwenda kuvunjwa, haikuuzwa kamwe. Turner aligoma kuiachia. Ukifika London, ipo National Gallery, na sehemu kubwa ya lile rundo ipo Tate Britain. Kote kuwili kiingilio ni bure, kwa hiyo usirudi bila kuziona.